Minyoo ya Mbwa Isiyoonekana kwenye Kipimo cha Choo

Mtoto wa mbwa aliyevimba tumbo huku mbavu zimemtokeza na manyoya yamemsimama, watu hudhani ameshiba. Watoto wa ploti humpakata na kumpapasa tumbo hilo. Kwa macho ya daktari wa mifugo, huyo ana minyoo, na yaelekea alizaliwa nayo. Vijinyoo hulala katika misuli ya mbwa jike kwa miezi mingi, kisha anapobeba mimba huamka, hupenya kondo la nyuma na kuwaingia watoto wangali tumboni. Vingine huwafikia kupitia maziwa. Ndiyo maana hata mbwa anayefungwa uani na kulishwa vizuri huzaa watoto wenye minyoo.

Mnyoo huyo ni toksokara. Mtoto wa mbwa akimtapika utamwona mweupe, mrefu, amejikunja kama tambi. Jike mmoja aweza kutaga mayai laki moja kwa siku. Yai linapotoka na kinyesi bado halimdhuru mtu. Lazima likae wiki mbili hadi nne kwenye udongo wenye joto na unyevu. Likishakomaa, hudumu ardhini miaka, na hata klorini hailiui.

Kwa hiyo udongo wenye kinyesi cha zamani ndio wa kuogopa zaidi. Hapa mtaani Rhonda, Nakuru, kuanzia vichochoro vya ploti hadi ukingo wa Mto Njoro, mbwa hujisaidia popote. Mvua za Machi hadi Mei hukitawanya kinyesi, kikatoweka machoni, na kila mtu akaona mambo yamekwisha. Wakati huo ndipo mayai yanapokomaa, na hapo hapo watoto wanachora mstari wa kucheza bano, kisha wanakula andazi bila kunawa. Kinyesi kikizolewa kila siku na kutupwa katika choo cha shimo, mayai hayapati wiki zake mbili. Hakuna dawa inayoshinda kazi hiyo ya koleo.

Yai likimezwa na mtu, kijinyoo hutoka, hutoboa utumbo na kuanza kuzurura: ini, mapafu, mara chache ubongo au jicho. Ndani ya binadamu hakikomai wala hakitagi. Basi mama anapopeleka kichupa cha choo maabara, jibu hurudi kwamba hakuna minyoo, na jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo mtoto anaendelea kukohoa, homa inakuja na kuondoka, pengine ini limevimba. Kipimo cha damu ndicho kinachoweza kutoa fununu. Tembe moja ya albendazoli inayotolewa shuleni, katika mpango wa taifa ulioanza 2009, inafanya kazi kubwa dhidi ya minyoo ya binadamu na mtoto asiikose. Lakini kwa kijinyoo kilichojificha ndani ya ini, tembe moja haitoshi. Daktari huandika dozi ya siku kadhaa. Linaloniumiza zaidi ni jicho. Kwa kawaida huathirika moja tu, mara nyingi bila maumivu, na mtoto halalamiki kwa kuwa jicho la pili linaona. Hugundulika siku anapozibwa hilo zima, na kovu limeshakaa.

Safura ya mbwa ina njia nyingine. Hupenya ngozi ya mguu mtupu na kuacha mstari mwekundu unaopindapinda na kuwasha. Inasumbua, lakini hutibika.

Tegu mdogo wa mbwa ni jambo zito. Hafikii sentimita moja, ila mayai yake hayasubiri wiki: yanapotoka tu yako tayari, na hunata kwenye manyoya. Ndani ya mtu hugeuka uvimbe wa maji, hasa kwenye ini, unaokua polepole kwa miaka hadi upasuaji uhitajike. Turkana imeteseka sana na ugonjwa huu, na shirika la afya la AMREF lilianzisha mpango wa kuudhibiti huko miaka ya 1980. Katika mifugo ya Wamaasai unajulikana pia. Mbwa humpata tegu huyu kwa kula ini au mapafu yenye malengelenge ya maji, yale yale anayorushiwa mbuzi anapochinjwa nyumbani sikukuu. Tafadhali, viungo hivyo vichomwe au vitupwe chooni. Visivyo na dosari navyo vichemshwe vizuri kabla ya kumpa.

Watoto wa mbwa huanza dawa wakiwa na wiki mbili, wakarudia kila wiki mbili hadi wiki ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Mama yao apewe pamoja nao. Mbwa mzima, kila miezi mitatu. Dawa nyingi za minyoo mviringo hazimgusi tegu, kwa hiyo kwenye agroveti uulize kama dawa ina prazikwanteli. Usinunue dawa ya kunyweshea mbuzi ukakisia kipimo: levamisoli ikizidi kidogo yaweza kumuua mbwa. Dozi hufuata uzani. Panda mizani ukiwa umembeba mbwa, panda tena peke yako, utoe. Na ukimpeleka mtoto kliniki kwa kikohozi kisichoisha, mwambie daktari, bila kungoja aulize, kwamba ploti yenu ina mbwa.