Kiti cha Mwisho cha Kalemie

Desemba 2019, huko Bury North, eneo la uchaguzi la vitongoji vya kaskazini mwa jiji la Manchester, James Daly wa chama cha Conservative alimwangusha James Frith wa Labour kwa kura 105. Wapiga kura hao 105 wangeenea katika boti moja la Ziwa Tanganyika la kwenda Moba. Mwaka 2024 Frith alikirudia kiti chake. Uingereza kila eneo lina kiti kimoja: mwenye kura nyingi anakichukua, wa pili anarudi nyumbani hata akipungukiwa na kura moja tu. Ndiyo maana vyama vikubwa humwaga fedha na viongozi wao katika maeneo machache yanayoyumba, na kule ambako mshindi anajulikana kabla ya siku ya kura havijisumbui sana.

Bury ulikuwa mji wa viwanda vya pamba, na Kalemie, mji wa Kongo (DRC) kando ya Ziwa Tanganyika, nayo ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, Filtisaf. Kufanana kwao kunaishia karibu hapo. Kalemie nayo huyumba, lakini si kati ya vyama viwili vinavyopokezana. Kinachoyumba ni kiti cha mwisho, na mara nyingi kinayumbishwa na hesabu ambayo mpiga kura wa kawaida haioni kwenye mashine ya kuchagulia.

Sheria ya uchaguzi ya Kongo ya mwaka 2006, pamoja na marekebisho yake, inaigawa nchi katika maeneo ya uchaguzi kwa kufuata miji na wilaya, isipokuwa Kinshasa iliyogawanywa katika makundi manne. Viti 500 vya Bunge la taifa hugawiwa maeneo hayo kwa kuangalia idadi ya walioandikishwa. Penye kiti kimoja, mshindi hupatikana kama Uingereza. Penye viti viwili au zaidi kuna orodha za vyama na miungano, na mpiga kura anamchagua mtu mmoja tu. Hapa wengi hupotea: kura yako inahesabiwa mara mbili. Kwanza inaingia katika kapu la orodha nzima, ndipo inamsaidia mtu wako kuwapita wenzake wa orodha ileile.

Tuchukue mfano wa kubuni. Eneo lina viti 3 na kura halali 60,000. Gawanya, kila kiti kina thamani ya kura 20,000. Orodha ya kwanza imepata 27,000, ya pili 15,000, ya tatu 9,100, ya nne 8,900. Ya kwanza inachukua kiti moja kwa moja na kubaki na kura 7,000. Viti viwili vilivyosalia vinakwenda kwa wenye mabaki makubwa: orodha ya pili, kisha ya tatu. Ya nne inakosa kwa kura 200.

Sasa ingia ndani ya orodha hizo. Tuseme katika orodha ya kwanza wagombea wamepata 12,000, 9,000 na 6,000. Katika ya tatu wamepata 4,000, 3,100 na 2,000. Katika ya nne, mmoja maarufu amepata 6,500 na wenzake wawili 1,400 na 1,000. Anayekwenda Kinshasa kwa kiti cha mwisho ni yule mwenye 4,000. Mwenye 9,000 anabaki, mwenye 6,500 anabaki. Mtaani watasema wameibiwa. Wizi wa kura unaweza kuwepo na unapaswa kuchunguzwa, lakini matokeo kama haya yanaweza kutoka bila karatasi hata moja kuchezewa.

Kisha kuna kizingiti. Tangu sheria ya Desemba 2017, orodha ambayo haikufikisha asilimia 1 ya kura halali za nchi nzima haishiriki katika mgawanyo wa viti vya Bunge la taifa. Kura zake zinaondolewa kabla ya kugawanya. Rudi kwenye mfano wetu: orodha ya tatu imeanguka kwa sababu haikupata kitu katika majimbo mengine kama Kwilu na Kasai. Zinabaki kura 50,900, na thamani ya kiti inashuka hadi karibu 16,967. Ya kwanza inachukua kiti kimoja na kubaki na zaidi ya 10,000. Ya pili inapata chake kwa kura zake 15,000. Cha mwisho? Hakiendi kwa orodha ya nne iliyokuwa ikingoja mlangoni kwa pengo la kura 200. Kinarudi kwa ya kwanza, na yule mwenye 9,000 aliyekuwa ameshafunga ofisi ya kampeni anakuwa mheshimiwa.

Kwa sababu hiyo mgombea mwerevu wa Kalemie anafanya kazi yake kubwa kabla kampeni haijaanza: kuchagua orodha. Akienda kwenye orodha yenye majina mazito, kizingiti kitavukwa lakini wenzake watammeza. Akienda kwenye chama kidogo atakuwa wa kwanza ndani, ila chama chenyewe kinaweza kuzama kitaifa. Vyama vikubwa navyo vimejifunza kujigawa katika miungano kadhaa iliyo ndugu, ambayo wanasiasa wetu huiita mozaiki, ili kila mmoja uvune mabaki yake. Mwaka 2023, wagombea zaidi ya 25,000 waliwania viti vya Bunge la taifa. Idadi hiyo wengi huitaja kama dalili ya tamaa. Mimi naona pia hesabu ndani yake: hata jina la kura 1,000 lina kazi kwenye kapu.

Umaarufu wa ukoo bado una nguvu. Jaynet Kabila, dada wa rais wa zamani Joseph Kabila, alichaguliwa Kalemie mwaka 2011. Lakini kambi ya Joseph Kabila ilipoususia uchaguzi wa 2023, kapu kubwa liliondoka uwanjani na hesabu ikaanza upya. Jambo jingine halisemwi sana: uandikishaji. Mapigano ya Watwa na Waluba, hasa ya 2016 na 2017, yaliwasukuma watu wengi wa vijijini hadi kambi za pembezoni mwa Kalemie. Viti vinafuata walikoandikishwa watu, si wanakotoka. Mkimbizi aliyeandikishwa mjini anaupa mji uzito, na kijiji chake kinapungukiwa.

Hata hivyo, ukitaka kuona kura chache zikigeuza mambo katika nchi hii ya ziwa, usiishie Bunge la taifa. Mei 1960, katika uchaguzi wa bunge la jimbo la Katanga, chama cha Conakat cha Moïse Tshombe kilipata viti 25 kati ya 60, na kambi ya chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, yenye ngome yake huku kaskazini, ilifuata kwa karibu. Balubakat iligoma kuingia bungeni ili akidi isitimie. Wabelgiji wakabadilisha sheria, akidi ikapunguzwa, Tshombe akaunda serikali peke yake, na tarehe 11 Julai akatangaza kujitenga kwa Katanga. Albertville, yaani Kalemie ya leo, ndipo Sendwe alipouawa Juni 1964.

Hata leo kura chache zina uzito huo. Jimbo la Tanganyika, lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipokatwa, lina bunge dogo la wajumbe wasiofika thelathini. Wao ndio wanaomchagua liwali, na wao wanaweza kumng'oa: Mei 2021 walimng'oa liwali Zoé Kabila, ndugu yake Joseph, kwa hoja ya kutokuwa na imani. Katika ukumbi mdogo kama ule, mjumbe mmoja akibadili mawazo ana uzito ambao mbunge mmoja kati ya 500 hawezi kuuota. Mwaka 2023 wakazi wa miji mikuu ya majimbo, Kalemie ikiwemo, walichagua pia madiwani wa komine, na kisheria hao ndio wanaomchagua mkuu wa komine. Katika kura hizo kizingiti ni kizito zaidi, lakini uwanja ni mdogo na mgombea unaweza kumjua kwa sura.

Kampeni nyingi bado hutumia nguvu zao zote kwenye kura ya rais na ya Bunge la taifa. Mgombea akija kukuomba kura ya mbunge, muulize mambo mawili: orodha yake ina watu gani katika majimbo mengine, na wabadala wake wawili ni akina nani. Akiteuliwa waziri, mmoja wao ndiye atakayekikalia kiti.