Papa, Taa na Uzito wa Jina: Hifadhi Ianzie Wapi?

Mkulima wa chai wa Kericho au Bomet hahitaji kuelezwa umuhimu wa jina. Mchai wake una nambari. Anajua kama shamba lake limepandwa kloni ya 6/8, inayosifika kwa ubora wa kinywaji chake, au ile ya zambarau, 306, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Kericho. Majani yakifika katika kituo cha kununulia hupimwa na uzito wake kuandikwa. Mtafiti anayetaka kujua mche upi unastahimili ukame ana pa kuanzia, na hayo yote ni kwa mmea wa spishi moja tu.

Katika pwani ya nchi hiyo hiyo hali ni kinyume. Jarife huvuta papa na taa wa spishi nyingi, lakini kwa miaka mingi takwimu za uvuvi zimewaweka wote katika fungu moja au mawili. Mwanafunzi wa bara aliyejifunza Kiswahili darasani hamlaumu karani: kwake yeye pia papa ni papa, na taa, kabla ya kuwa samaki, ni kitu cha kuwashwa usiku.

Kasoro hiyo si ya kikaratasi tu. Kuna papa wadogo wanaokomaa kwa muda wa miaka michache. Kuna pingusi, mwenye kichwa mithili ya nyundo, ambaye baadhi ya spishi zake huchukua zaidi ya miaka kumi kabla jike hajazaa. Taa wakubwa aina ya manta huzaa kwa kawaida mtoto mmoja, kisha hupita miaka miwili au zaidi. Mchai ukipogolewa huchipua. Viumbe hawa hawachipui. Wote wakiandikwa kwa jina moja, uzito wa jumla waweza kubaki vile vile mwaka hadi mwaka, huku wadogo wakijaza pengo la wakubwa wanaotoweka. Daftari halitaonyesha chochote.

Jambo hili limewahi kutokea. Mwaka 1981 mtafiti Keith Brander alionyesha kwamba taa mmoja mkubwa alikuwa ametoweka katika Bahari ya Ireland, eneo lenye wavuvi na wataalamu tele, bila ya watu kutanabahi. Takriban miongo mitatu baadaye ikabainika kwamba samaki huyo alikuwa spishi mbili zilizofichwa na jina moja.

Mwaka 2021 tathmini ya kimataifa ilikadiria kuwa zaidi ya theluthi moja ya spishi za papa na taa ulimwenguni zimo hatarini, sababu kuu ikiwa uvuvi uliopita kiasi. Fedha za utafiti nazo ni haba, hivyo swali ni lipi litangulie. Wapo wanaopendekeza marufuku ya jumla. Pendekezo hilo ni jepesi kulitamka, ila jarife halichagui, na ng'onda ni kitoweo kinachokaa bila barafu katika nyumba zisizo na jokofu. Wengine hutaka meli za utafiti. Hizo zina faida, lakini kinachostahili kutangulia ni rahisi zaidi: kuandika kila samaki kwa aina yake pale pale anaposhushwa, pamoja na urefu wake, wavu uliomnasa na mahali alikonaswa. Hapo ndipo itakapojulikana, mathalani, ikiwa watoto wa papa hunaswa zaidi karibu na midomo ya mito kama Tana na Sabaki, na kama yafaa kufunga eneo, kufunga msimu, au kubadilisha matundu ya wavu.

Kazi hiyo yahitaji wanaisimu. Mvuvi hasemi "papa" tu. Ana papa upanga, pingusi, papa shilingi mwenye madoa kama sarafu, ana nyenga, na ana pungu, ambaye jina lake ni la ndege pia, na kwa haki, kwa maana wote wawili wana mabawa. Lakini majina hayalingani kutoka Lamu hadi Vanga. Jina moja laweza kubeba spishi mbili, na spishi moja ikawa na majina mawili. Orodha inayooanisha majina ya Kibajuni, Kimvita na Kivumba na yale ya kisayansi, ikiwa na picha, ingemfaa karani kuliko kitabu cha Kilatini.

Sheria nayo hutegemea majina. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, uliwaorodhesha pingusi watatu mwaka 2013, na mwaka 2022 ukaongeza jamii nzima za papa. Afisa wa bandari aliyepewa gunia lililoandikwa "mapezi ya papa" hana namna ya kuitekeleza orodha hiyo bila kumwita mtaalamu.

Hata hivyo, kuna tatizo ambalo kamusi haiwezi kulitatua. Mvuvi akigundua kwamba kutamka "papa upanga" mbele ya karani kunamletea faini, kesho yake atasema "papa" tu, au atashusha samaki wake mahali pasipo na karani. Kwa hiyo anayeandika hafai kuwa ndiye anayeadhibu, na jambo hilo budi liafikiwe na vikundi vya wavuvi vya ufuo kabla daftari la kwanza halijafunguliwa.