Unganisha: kitenzi kimoja, amri tatu za SQL

Kitenzi *unganisha* kina mzizi *-ung-*, kiambishi cha kutendana *-an-* na cha kutendesha *-ish-*: kufanya vitu viungane. Katika tafsiri za matini za hifadhidata, kitenzi hiki hutwishwa mzigo wa amri tatu zisizofanana kwa sintaksia wala kwa matokeo.

1. JOIN: kuoanisha. Safu mlalo za majedwali mawili huwekwa sambamba kwa kigezo kinachotajwa baada ya ON:

SELECT w.jina, m.alama
FROM wanafunzi w
JOIN matokeo m ON w.namba = m.namba;

Data hazibadiliki, zinasomwa tu. Mwanafunzi asiye na matokeo hatokei, ila kwa LEFT JOIN.

2. UNION: muungano, kama katika hisabati ya seti. Matokeo ya SELECT mbili hupangwa moja chini ya nyingine. Sharti idadi ya safu wima ilingane na aina za data zipatane. Safu mlalo zinazojirudia huondolewa. UNION ALL huziacha.

3. MERGE: kutangamanisha. Amri hii, iliyoingia katika kiwango cha SQL cha mwaka 2003, hubadilisha jedwali lengwa:

MERGE INTO wanafunzi AS w
USING usajili_mpya AS u
ON w.namba = u.namba
WHEN MATCHED THEN
UPDATE SET simu = u.simu
WHEN NOT MATCHED THEN
INSERT (namba, jina, simu)
VALUES (u.namba, u.jina, u.simu);

INTO hutaja lengwa, USING hutaja chanzo. Aliyemo huhuishwa, asiyekuwamo huongezwa. PostgreSQL huikubali kuanzia toleo la 15. MySQL haina MERGE, bali hutumia INSERT pamoja na ON DUPLICATE KEY UPDATE.

Tanbihi ya matumizi. Kauli ya kutendana huwapa washiriki hadhi sawa: "unganisha A na B" haina tofauti na "unganisha B na A". MERGE haina usawa huo. Mwanafunzi akigeuza lengwa na chanzo, namba za simu za zamani zitafuta mpya, na jedwali lisilokusudiwa ndilo litakalobadilika. Kwa hiyo mfasiri asitosheke na *na*, ataje mwelekeo.

*Lina utata:* Unganisha jedwali la wanafunzi na la usajili mpya.
*Ni bayana:* Tangamanisha data kutoka jedwali la usajili mpya kwenda jedwali la wanafunzi.