Tope Likishapita: Afya ya Familia Baada ya Mafuriko na Maporomoko

Mvua kubwa inapoleta maafa, sote huhesabu waliofariki siku ile. Lakini kwa upande wa afya, hatari haiishi maji yanapopungua. Wapo wanaookoka kwenye tope, kisha wanapotea wiki inayofuata kwa kuhara au kwa kidonda kilichopuuzwa. Vifo hivi vya pili vinaweza kuzuiwa, tena nyumbani.

YALIYOTOKEA HANANG

Tarehe 3 Desemba 2023, siku ya Jumapili, tope, mawe na magogo viliteremka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, vikaufunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki. Baadhi ya watu walidhani volkano imelipuka, kwa kuwa Hanang ni mlima wa volkano ya kale wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba haikuwa volkano. Miamba dhaifu ya mlimani ilinyonya maji ya mvua mpaka ikazidiwa, sehemu ya mlima ikameguka, na tope likafuata njia ya maji hadi kwenye makazi ya watu. Mwaka ule mvua za vuli zilikuwa nyingi kupita kawaida kwa sababu ya El Niño.

DALILI ZA HATARI

Wanaoishi chini ya mlima au kando ya korongo wajifunze dalili hizi:
a) Nyufa mpya ardhini au ukutani, na milango inayoanza kukwama ghafla.
b) Miti au nguzo zinazoinama.
c) Chemchemi inayotokea mahali ambapo haikuwapo.
d) Maji ya mto yanayogeuka tope ghafla, au kupungua wakati mvua bado inanyesha. Huenda yamezuiwa huko juu, na yatakuja kwa kishindo.

Ukiona hayo, usingoje kukusanya vyombo. Chukua watoto, wazee na wagonjwa, mwondoke kuelekea pembeni, mahali palipoinuka. Msikimbie kufuata bonde, kwa maana ndiyo njia ya tope. Wala usivuke maji yaendayo kasi. Yakifika magotini tu yanaweza kumwangusha mtu mzima.

MAJI YA KUNYWA

Mafuriko hujaza vyoo, na uchafu wake huingia visimani. Hapo ndipo kipindupindu huanza. Mwaka 1997, mwaka wa mvua za El Niño, Tanzania ilikuwa na wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000, na zaidi ya 2,000 kati yao walifariki.

Maji ya tope yachujwe kwa kitambaa safi na kuachwa yatulie. Kisha yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukitia dawa katika maji ya tope, nguvu yake huishia kwenye uchafu.

Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kufa kwa saa chache kwa kupungukiwa maji mwilini. Mpe maji yenye chumvichumvi za pakiti tangu anapoanza kuhara, hata mkiwa njiani kwenda zahanati. Ikiwa hakuna pakiti, tengeneza hivi: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko kidogo. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi kisha endelea. Mtoto anayenyonya asiachishwe.

VIDONDA NA DAWA

Mabati, misumari na vioo hujificha ndani ya tope. Kidonda, hata kikiwa kidogo, kioshwe kwa maji safi mengi na sabuni, kisha mtu aende zahanati aulizwe habari za chanjo ya pepopunda. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni, na ugonjwa huweza kujitokeza siku nyingi baada ya kidonda kupona.

Aliyepoteza dawa zake za kifua kikuu, UKIMWI, kisukari, kifafa au shinikizo la damu aende kituo cha afya mapema, hata kama kadi yake imezolewa na maji. Asione haya akidhani wenye majeraha tu ndio wanaostahili kuhudumiwa.

MAREHEMU NA WALIOBAKI

Watu wengi huogopa kwamba miili ya waliokufa kwa mafuriko italeta magonjwa ya mlipuko. Hofu hii imefanya watu kuzikwa harakaharaka bila kutambuliwa. Kinacholeta mlipuko hasa ni kinyesi kuingia kwenye maji. Waliokufa kwa magonjwa kama kipindupindu ndio huhitaji uangalizi wa wahudumu wa afya katika mazishi. Wengine watambuliwe na wazikwe kwa heshima. Familia isiyojua mpendwa wake amelala wapi huumia miaka mingi.

Kukosa usingizi, kushtuka mvua inaponyesha, au mtoto mkubwa kuanza tena kukojoa kitandani ni mambo ya kawaida baada ya msiba. Wengi hupata nafuu wakiwa na watu wao, wakipata kazi ya kufanya, na watoto wakirudi shule. Lakini mtu akikaa mwezi mzima hali wala halali, au akisema afadhali angekufa, msimwache peke yake. Mpelekeni kwa mganga.

KUJENGA UPYA

Baada ya maafa ya Hanang, nyumba mpya za waathirika zilijengwa eneo la Waret, mbali na njia ya tope. Kuacha kiwanja cha baba si jambo jepesi, hasa shamba likiwa pale pale. Lakini tope lililopita njia hiyo mara moja laweza kuipita tena. Shamba laweza kubaki bondeni. Watoto walale mahali salama.

Kabla ya masika kufika, basi, majirani wakae pamoja na kukubaliana mambo matatu: nani atapiga kengele usiku, tutakutania wapi, na nani atambeba mzee asiyeweza kutembea. Mazungumzo hayo hayana gharama, na yafanyike jua likiwa bado linawaka.