Mbinu za Masomo kwa Mwanachuo Anayesoma kwa Shida

Wahadhiri wengi wanamfahamu mwanafunzi huyu. Kwenye semina hoja zake ni nzito na maswali yake yanagusa kiini cha mada, lakini matokeo yakibandikwa, yumo kwenye orodha ya wanaosapu. Sura ya kurasa 30 ambayo wenzake wanaimaliza jioni moja, yeye inamchukua siku mbili, na kuna mistari anayoirudia mara tatu ndipo imwingie. Watu humwita mvivu. Huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kutambua kwa haraka na kwa usahihi maneno yaliyoandikwa, jambo lisilopima akili ya mtu.

Hapa Tanzania tatizo hili linaweza kujificha kwa miaka. Maandishi ya Kiswahili yanafuata matamshi kwa karibu: mtoto akishazishika silabi, anaweza kusoma karibu neno lolote, hata kama ni polepole. Tafiti za Kijerumani na Kiitalia, lugha zenye maandishi ya namna hiyo, zinaonyesha kuwa disleksia hujitokeza zaidi kwenye kasi kuliko kwenye makosa. Sekondari masomo yanahamia Kiingereza, ambacho herufi zake na sauti zake mara nyingi hazipatani, na lawama zote zinaangukia lugha. Kijana anafika chuoni bila kuambiwa shida yake hasa iko wapi.

Mwaka 2008 John Kirby na wenzake wa Canada walichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi 36 wa vyuo wenye disleksia na 66 wasiokuwa nayo. Kwa maelezo yao wenyewe, wenye disleksia walipanga muda na kutumia visaidizi vya kujifunzia zaidi kuliko wenzao. Wale wa vyuo vikuu walielekea zaidi kuchimba maana ya somo. Kwa jumla wenye disleksia walipungukiwa mahali pawili: kubaini hoja kuu kwenye maandishi, na mbinu za kujibu mtihani. Matokeo hayo yananitia moyo sana, kwa sababu bidii wanayo, na hayo mawili yanafundishika.

Tuanze na hoja kuu. Kabla ya kuanza kusoma sura neno kwa neno, pitia muhtasari, vichwa vidogo na hitimisho, kisha andika swali moja unalotaka sura hiyo ikujibu. Ukisoma sasa unatafuta jibu, na aya isiyohusika unairuka bila wasiwasi. Simu nyingi siku hizi zinaweza kusoma maandishi kwa sauti. Sikiliza huku ukifuatisha kwa macho, ili nguvu iliyokuwa ikiishia kwenye kutambua maneno itumike kuelewa.

Kurudia madesa usiku kucha kunamchosha zaidi anayesoma polepole, na faida yake ni ndogo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kuwa wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikihifadhi vizuri zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma upya. Kwa hiyo funika daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka au mweleze mwenzako, kisha fungua uone ulichoacha. Baada ya siku chache jipime tena.

Kwenye mtihani, chukua swali kama hili: “Tathmini mchango wa vyama vya ushirika katika zao la kahawa, ukitoa mifano kutoka mikoa miwili.” Anayehangaika na maneno hudaka “ushirika” na “kahawa”, akaanza kusimulia historia. Pigia mstari “tathmini”, “mchango” na “mikoa miwili”, andika mpango wa mistari minne, ndipo uanze kujibu. Gawa muda kulingana na alama za kila swali.

Wahadhiri nao wana sehemu yao. Toeni orodha ya vitabu mapema, semeni kurasa zipi ni za lazima, na tungeni maswali yenye sentensi fupi. Muda wa ziada kwenye mtihani unampa mwanafunzi huyu nafasi ya kuonyesha anachokijua, na hakuna anayepunjwa kwa hilo. Nawe unayejitambua katika maelezo haya, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi wiki za mwanzo za muhula, ueleze unavyosoma na uombe msaada. Usingoje matokeo yabandikwe.