Marekani: Siku nzima ndani ya mto Hoh kwa samaki mmoja, tena wa kurudishwa majini

Mwezi wa kwanza, kabla ya jua kutoka, mashua za makasia zinashushwa katika mto Hoh, jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Mwongozaji anashika makasia. Wateja wake, mmoja ao wawili, wamevaa suruali za mpira zinazofika kifuani. Maji ni baridi kali, na katika msitu huu mvua inapita mita 3 kwa mwaka.

Wanamtafuta stilhedi, samaki wa jamii ya trauti. Anazaliwa mtoni, anakulia katika bahari ya Pasifiki, kisha anarudi mtoni kutaga mayai. Tofauti na samoni wengi wa bahari hiyo, anaweza kutaga, kurudi baharini na kuja tena. Wale wa majira ya baridi wanaingia mtoni kati ya mwezi wa 11 na wa 4.

Chambo ni ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi. Mvuvi anarusha mshipi kuvuka mto, mkondo unauvuta hadi ukingoni, anasogea hatua moja, anarusha tena. Wengi wanamaliza siku bila kuguswa na samaki hata mara moja. Ndiyo maana wanalipa mwongozaji: yeye anajua samaki wanapumzika wapi, na mvua ikichafua mto, anajua siku gani maji yatafaa.

Lakini samaki wanaorudi wamepungua. Tangu 2016, stilhedi wa asili wa mito hii lazima aachiliwe, bila kutolewa kabisa ndani ya maji. Anayeweza kubebwa ni yule wa vituo vya kuzalisha samaki, anayetambulika kwa pezi dogo la mgongoni lililokatwa. Msimu wa 2020-2021, serikali ya jimbo ilikataza chambo cha kuliwa na kuvua ukiwa ndani ya mashua. Mvuvi alipaswa kushuka na kusimama majini. Tarehe 1 mwezi wa 3, 2022, mito mingi ya pwani hiyo ilifungwa kabla ya msimu kuisha. Mwaka huo huo, mashirika mawili ya mazingira yaliomba serikali kuu imlinde samaki huyo kisheria.

Wageni hawako peke yao mtoni. Mwaka 1974, jaji George Boldt aliamua kwamba makabila yaliyotia saini mikataba na Marekani, kabila la Hoh likiwa miongoni mwao, yana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Kwao huyu ni chakula na urithi, si mchezo.

Mwongozaji analipwa kwa siku. Mto ukifungwa, mteja haji, na chumba cha hoteli katika mji mdogo wa Forks kinabaki kitupu. Ukiachwa wazi samaki wakiwa wachache, kesho hatakuwa na cha kumwonyesha mteja.