Mwalimu na Simu Yake

Wazazi wengi wametuuliza swali hili, wengine kwa upole, wengine kwa hasira: « Mwalimu wa mtoto wetu afanya nini na simu yake kila siku? » Swali ni la haki. Mzazi ametoa jasho lake kumpatia mtoto daftari na kalamu. Akipita karibu na dirisha la darasa, akamwona mwalimu ameinamia kile kioo kidogo huku watoto wakipiga kelele, ana sababu ya kununa. Walimu wa namna hiyo wako, wala hatutawatetea. Lakini wako wengine ambao simu imekuwa kwao chombo cha kujifunzia kazi yao, na hao ndio tutakaowaeleza leo, ili wazazi na wanafunzi wajue kupambanua.

Kwanza tufikiri juu ya hali ya mwalimu wetu. Kijana aliyemaliza masomo ya ualimu, akapelekwa katika shule ya misioni mbali na mji, alibeba nini? Daftari zake za zamani, labda na kitabu kimoja au viwili. Miaka kumi baadaye mchwa wamekwisha kula nusu ya daftari zile, naye angali akifundisha kwa maneno yale yale. Tena tangu Septemba 2019, Serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, watoto waliokuwa wakikaa nyumbani kwa kukosa karo wameingia shuleni. Twamshukuru Mungu kwa jambo hilo. Lakini mwalimu aliyezoea watoto arobaini amejikuta mbele ya themanini, na wenzake kadha wa kadha hata sasa hawajaandikwa katika orodha ya mishahara. Mkaguzi hufika mara chache, kwani barabara ni mbaya na pikipiki yataka mafuta. Mtu huyo atamwuliza nani, somo linapomshinda?

Kanisa halikunyamaza juu ya jambo hili. Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika Tamko lake juu ya malezi ya Kikristu la tarehe 28 Oktoba 1965, lasema ya kwamba kazi ya kulea yadai matayarisho makubwa, na pia moyo ulio tayari daima kujifanya upya na kuyafuata mahitaji ya wakati. Neno « daima » latupasa kuliangalia sana. Hati ya mwalimu, hata iwe na mihuri mitatu, si mwisho wa masomo yake.

Wala kujifunza kwa wenzake si mtindo mpya ulioletwa na simu. Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle, ambaye Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa walimu tarehe 15 Mei 1950, alikuwa padre wa mji wa Reims, Ufaransa. Aliwakusanya walimu wa watoto maskini, watu waliodharauliwa wakati ule, akawafanya waishi pamoja na kuzungumza juu ya kazi yao: jinsi ya kuwaketisha watoto wengi chumba kimoja, jinsi ya kuwafundisha kusoma kwa Kifaransa chao badala ya kuanzia Kilatini, jinsi ya kumwonya mtoto mvivu bila kumvunja moyo. Kutoka katika mazungumzo hayo ya miaka mingi kilitoka kitabu cha uongozi wa shule, kilichopigwa chapa mwaka 1720, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kitabu kile hakikuzaliwa katika kichwa cha mtu mmoja mwenye akili. Kilitoka madarasani, kikapimwa, kikasahihishwa na Mabruda waliozeeka mbele ya ubao. Wasomaji watatusamehe tukikaa kidogo juu ya mtakatifu huyu. Ni kwa sababu yote tutakayosema juu ya intaneti yapimwe kwa kipimo chake.

Katika nchi yetu pia mambo yamekwisha anza. Mpango uitwao IFADEM, uliotokana na mkutano wa nchi zenye kusema Kifaransa uliofanywa Bucharest mwaka 2006, uliwaendea walimu wa shule za msingi kule kule wanakofanya kazi. Burundi ilikuwa kati ya nchi za kwanza, na baadaye mpango ukaingia Katanga. Mwalimu hakuliacha darasa lake: alipewa vitabu vidogo vya kujisomea, akakutana na mkufunzi na wenzake kwa siku zilizopangwa, akazoezwa pia kutumia kompyuta. Angalia utaratibu huo: kitabu, mtu, na mashine kwa pamoja. Hakuna aliyemwambia mwalimu, « Twaa kompyuta hii, nenda zako. »

Leo hata asiye na mpango wowote aweza kupata mengi. Iko Wikipedia, kamusi kubwa iliyoanzishwa mwaka 2001. Kwa programu iitwayo Kiwix, kamusi hiyo yaweza kuwekwa ndani ya kadi ya kumbukumbu na kusomwa kijijini pasipo mtandao. Yako masomo ya hesabu ya Khan Academy. Mwenye kuyaanzisha, Salman Khan wa Marekani, mwaka 2004 alikuwa akimsaidia tu binamu yake masomo kwa mbali. Leo masomo hayo yapatikana hata kwa Kifaransa. Iko programu ya Kolibri: kompyuta moja tu hujazwa masomo, kisha simu na kompyuta nyingine za shule huyasoma kwa kuungana nayo, bila intaneti. Na kutoka Tanzania ziko katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2014, zenye kufundisha hesabu kwa Kiswahili na kwa nyimbo.

Lakini orodha ya vyombo haimfundishi mtu. Tueleze jinsi mwalimu mmoja wa darasa la tano alivyofanya, katika shule tunayoijua vema.

Watoto wake walishika neno moja lisilotoka: ya kwamba 1/4 ni kubwa kuliko 1/3, kwani 4 ni kubwa kuliko 3. Aliwaeleza mara tatu, akaandika ubao mzima, bure. Usiku, akiisha kusahihisha madaftari, alitazama somo moja juu ya sehemu za hesabu katika simu yake. Halikuwa refu. Aliona mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja umegawanywa mara tatu, mwingine mara nne. Asubuhi hakuleta simu darasani. Watoto themanini wangeonaje kioo kimoja? Alileta karatasi za daftari kuukuu zilizokatwa vipande virefu vya urefu mmoja. Kila watoto wawili walipewa vipande viwili, wakavikunja wenyewe, kimoja mara tatu, kingine mara nne, wakavilinganisha. Msichana mmoja wa nyuma alisema kwa sauti: « Kumbe tukiwa wengi, kila mtu anapata kidogo! » Katika nyumba ya watoto tisa jambo hilo lajulikana sana, lilikuwa halijapata tu njia ya kuingia katika hesabu.

Jioni mwalimu yule aliwaelezea wenzake kwa sauti katika kikundi chao cha WhatsApp. Mwenzake wa shule nyingine akajibu: « Wangu wamefahamu hilo. Lakini nikiwaambia wajumlishe 1/3 na 1/4, wanaandika 2/7. » Kosa hilo kila mwalimu alijua. Siku mbili waliandikiana, hata mmoja akaleta shauri la muwa. Kata muwa wenye sentimeta 84, alisema, kwani 84 yagawanyika kwa 3, kwa 4, kwa 7 na kwa 12. Theluthi yake ni sentimeta 28. Robo yake ni 21. Sasa kata 2/7: ni sentimeta 24. Mwulize mtoto: « Ulikuwa na kipande cha 28, nikakuongezea cha 21, mbona sasa unacho cha 24? Nani amekula muwa wako? » Kisha viunganishwe vile viwili vya kwanza: sentimeta 49, yaani 7/12 kamili. Shauri hilo halikuwamo katika somo lolote la intaneti. Lilizaliwa kati ya walimu watatu wa kwetu, nao wasingezungumza kama simu isingewaunganisha.

Hapo ndipo twaona tofauti kati ya kujifunza na kunakili. Anayenakili huchukua somo zima lililotungwa kwa ajili ya watoto wa Paris au wa Brussels, lenye theluji na gari moshi la chini ya ardhi, akaliandika ubaoni kama lilivyo. Hata Kiswahili chaweza kututega. Shirika la Saide la Afrika Kusini lilianzisha mwaka 2014 mkusanyo uitwao African Storybook, wenye hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, zote za bure. Kwetu hadithi hizo zafaa sana, kwani sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 yazipa lugha za taifa nafasi katika shule ya msingi. Lakini msomee mtoto wa Lubumbashi hadithi ya bibi aliyemlea mjukuu wake: atacheka, kwa sababu kwao bibi ni mke wa mtu, na mama wa mzazi wake humwita nkambo. Mwalimu mwenye akili hatatupa hadithi kwa ajili ya neno moja. Ataeleza, na watoto watajifunza ya kwamba Kiswahili kina nyumba nyingi.

Sasa tuseme juu ya hatari, kwa ufupi, maana zajulikana. Katika vikundi hivyo hivyo vya simu hupita barua za uongo juu ya mishahara, maneno machafu, na, karibu na Mtihani wa Serikali, majibu yanayouzwa kwa siri. Mwanafunzi anayenunua majibu hayo amenunua wizi, na mara nyingi ameibiwa yeye mwenyewe. Mwalimu anayeyapitisha hastahili jina lake.

Hatari nyingine ni ya juzi juzi: mashine za akili bandia, ambazo ukiziuliza neno hukujibu papo hapo. Mwalimu mmoja aliiuliza mojawapo habari za mfalme Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891. Akapata maneno matamu, yaliyopangwa vizuri, na mwaka usio wake. Mashine hainyamazi inapokosea, wala haioni haya. Hati ya Vatikano iitwayo « Antiqua et nova », iliyotolewa tarehe 28 Januari 2025, haikatazi vyombo hivyo, lakini yakumbusha ya kwamba mwalimu aliye mbele ya mwanafunzi kwa mwili na roho humpa jambo ambalo mashine haiwezi kutoa. Yule msichana wa nyuma, nani alimsikia aliposema?

Imebaki shida ya fedha, na hii hatutaki kuifunika kwa maneno ya ibada. Mega hununuliwa. Mwalimu akinunua mega za kutazama somo moja, huenda ametoa fedha ya unga, na mama wa nyumba ana haki ya kuuliza. Umeme hukatika, kuchaji simu kwenye duka la jirani kwalipiwa pia. Twafikiri si haki mzigo huu umlemee mwalimu peke yake, hali faida ni ya watoto wa wote. Katika shule tuliyoitaja, direkta alipeleka jambo hilo mbele ya kamati ya wazazi. Baba mmoja alikataa kabisa: « Tulipe ili mwalimu acheze? » Direkta hakubishana naye. Alimwomba aje darasani siku ya somo la muwa.

Akaja, akaketi nyuma, akatoka na kipande cha sentimeta 21 mkononi. Kamati imekubali kununua kadi moja ya kumbukumbu, itakayojazwa mjini na kuzungushwa kati ya walimu sita. Simu zitachajiwa kwa mitambo ya jua ya parokia, kila Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi, nao walimu watakaa pamoja wakati simu zikipata nguvu. Juu ya mega bado hawajapatana. Jumamosi ijayo watashughulika na somo la kutoa sehemu, na kila mmoja ameombwa alete muwa wake na rula.